Ganzi ya miguu kwa wazee: mgongo unapobana mishipa

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, na eksirei ilionyesha pingili za kiuno zimesagika. Akienda sokoni, kabla hajafika miguu inakufa ganzi na kulegea. Anakaa kwenye kibaraza cha watu dakika chache, ganzi inaisha, anaendelea. Mgongo na miguu vinahusianaje?

Marahaba. Hicho kibaraza kimeniambia mengi. Mishipa ya fahamu ya miguu hupita kwenye mfereji ulio ndani ya pingili. Uzeeni diski, yale matakia yaliyo kati ya pingili, husinyaa, viungo vya pingili huota vijimfupa na kano za ndani hunenepa, basi mfereji unakuwa mwembamba. Mtu akisimama wima unabana zaidi. Akikaa au akiinama, unaachia kidogo. Ndiyo maana mama asiyeweza kusimama foleni anafagia uwanja mzima kwa ufagio mfupi, na mzee anayesukuma baiskeli huku ameiegemea hufika mbali kuliko akitembea mikono mitupu.

Jirani anasema ni sukari.

Jirani msimpuuze. Ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, hupanda taratibu kama soksi, na haiondoki kwa kukaa. Wengi huwazidi usiku. Mpimeni, kwani mzee anaweza kuwa na vyote viwili. Kama ametumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, ulizieni na vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza.

Tunampa diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku na kumkanda kwa maji ya moto.

Hapo mmenitisha. Diklofenaki ya kila siku kwa mtu wa umri huo inaweza kumtoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha, na mfereji haiupanui. Maji nayo: mguu wenye ganzi hausikii moto, ataungua hajui. Yapimeni kwanza kwa mkono wenu.

Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Atamfundisha mazoezi ya kukunja mgongo, mfano kulala chali na kuvuta magoti kifuani. Atembee vipande vifupi, apumzike, aendelee. Asilazwe kitandani, misuli itaisha. Mazoezi yakishindwa na safari zake zikazidi kufupika, upo upasuaji wa kupanua mfereji. Tanzania hufanyika MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Mara nyingi husaidia miguu kuliko maumivu ya mgongo wenyewe.

Lini tukimbilie hospitali?

Ganzi ikiingia katikati ya mapaja, sehemu anayokalia. Mkojo ukigoma au ukivuja. Choo kikitoka bila habari. Au miguu ikiishiwa nguvu ghafla. Hata kama ni saa nane usiku, ondokeni. Mkisubiri kliniki ya Jumatatu mishipa inaweza isirudi tena. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo visikae nyumbani, maana kifua kikuu hushambulia pingili pia.

Na habari za mkojo usingoje akwambie. Wazee huwaonea haya watoto wao. Muulize wewe, faraghani, mkiwa wawili tu.