Kwa nini Sinatra huingia nyuma ya bendi na wimbo hauharibiki?

Mwaka 1956 kampuni ya Capitol ilitoa Songs for Swingin' Lovers!, santuri ya mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra yenye nyimbo 15, karibu zote za zamani ambazo Wamarekani walikuwa wameshazizoea. Ukiisikiliza kwa makini utagundua kwamba bendi inapiga mahali pake, naye Sinatra mara nyingi anaingia nyuma kidogo. Pigo linapita, ndipo neno linakuja. Katikati ya mstari anakaza mwendo, na mwishoni wanafika pamoja. Je, kwa nini hilo halisikiki kama kosa?

Wengi hujibu kwamba swingi, yaani mtindo wa jazi unaopigwa katika santuri hii, ni muziki wa haraka, na haraka hiyo hufunika kila kitu. Sivyo. Nyimbo nyingi za santuri hii zinakwenda mwendo wa wastani. Nelson Riddle, aliyeupanga muziki wake, alipenda mwendo unaokaribia mapigo ya moyo. Tena watafiti waliopima upigaji wa wapiga dramu wa jazi walikuta kwamba kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo ule mgawanyo wa mapigo usio sawa, ambao ndio alama ya swingi, unavyopungua. Wimbo ukikimbia sana, mgawanyo unakaribia kuwa sawasawa.

Wengine husema kila mwanamuziki anapiga anavyojisikia. Nalo hilo halisimami. Riddle aliandika karibu kila noti kwenye karatasi. Chukua I've Got You Under My Skin, uliorekodiwa Januari 1956. Cole Porter aliutunga kwa ajili ya filamu ya mwaka 1936, na hakuna kitu katika melodia yake kinacholazimisha swingi. Riddle ndiye aliyejenga katikati yake ule mlima wa tromboni, zile tarumbeta ndefu zenye bomba la kuvuta: ya besi inaanza na kipande kifupi kinachojirudia, nyingine zinapanda juu yake moja baada ya nyingine, mpaka Milt Bernhart anapopasua na tromboni yake. Hapo ndipo palipoachwa wazi mtu apige la moyoni. Bernhart alisimulia baadaye kwamba maikrofoni ilikuwa juu mno kwake, na Sinatra mwenyewe akaenda kumtafutia kisanduku cha kusimamia. Uhuru wote wa wimbo ule umesimama juu ya kazi iliyopangwa mpaka mwisho.

Basi siri iko wapi? Fikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa michi miwili. Wakigawana muda sawasawa, utasikia tu, tu, tu, tu. Sasa wa pili auchelewesha mchi wake hewani, utue karibu na pigo linalofuata la mwenzake: tuu-tu, tuu-tu. Idadi ya mapigo haijabadilika, wala mwendo, lakini mwili wa msikilizaji umeanza kuyumba. Hivyo ndivyo mpiga dramu wa swingi anavyoligawa pigo kwenye toazi lake. Kisha aje mtu wa tatu, anayeimba pembeni ya kinu. Akichelewa kila mahali kwa kiasi kile kile, ataonekana amepotea. Lakini akiingia nyuma kidogo ya mchi wa kwanza, halafu akakutana barabara na ule wa pili, sikio linapata vyote viwili: mvutano, na uhakika kwamba anajua alipo.

Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walilijaribu jambo hili. Walichukua rekodi za piano, wakazichelewesha kwa kompyuta zile noti zinazoangukia pigo kuu peke yake, kwa takriban sehemu 30 za elfu za sekunde. Wanamuziki wa jazi waliosikiliza waliona kwamba rekodi hizo zina swingi zaidi, ingawa wengi hawakuweza kusema kilichobadilishwa ni nini. Naona ni ugunduzi mzuri ajabu. Hata hivyo, ile ilikuwa piano, ambayo noti yake huanza ghafla. Neno linaloimbwa huanza taratibu, konsonanti kwanza kisha vokali, na ni vigumu kusema limeanza wakati gani hasa. Isitoshe, Sinatra mara nyingi huchelewa kwa kiasi kinachosikika waziwazi, kwa hiyo jaribio lile linaeleza sehemu tu ya anachokifanya.

Sehemu nyingine ni pumzi. Anayechelewa mwanzoni hana budi kulipa baadaye: ayabane maneno yaliyobaki bila kukata mstari. Sinatra aliimba katika bendi ya Tommy Dorsey kuanzia 1940 hadi 1942, akawa anamtazama bosi wake akipiga tromboni mistari mirefu bila kuonekana akivuta hewa. Akafanya mazoezi ya kuogelea chini ya maji ili apanue kifua. Miaka 14 hivi baadaye, mbele ya bendi ya Riddle, pumzi hiyo ndiyo iliyomruhusu kuliacha pigo lipite kwanza.