Kibanda cha barabarani hakiumizi tumbo hivi hivi
Watu wa Mombasa wakija Malindi wikendi, kilomita 120 hivi, wengi huvipita vibanda vyote wakingojea hoteli yenye vitambaa mezani, eti chakula cha njiani kinaumiza tumbo. Kinachoumiza hasa ni chakula kilichopikwa kikaachwa kipoe, hata hotelini. Viazi karai hutoka kwenye mafuta yanayochemka, unapewa vingali vinachoma vidole. Cha kuchunguza ni ule ukwaju wa kuchovyea, huenda umetiwa maji yasiyochemshwa. Dafu nalo hukatwa mbele yako. Mbaazi za nazi ndizo za kuwahi: tui huchacha upesi kwa joto letu hili, basi uzile asubuhi kwa mahamri, pale penye foleni na sufuria inayofuka mvuke. Saa nane mchana ukiambiwa bado zipo, agiza chai.