Vidukari hawakurudi, maana hawakuondoka

Juzi mteja ameniletea trei ya miche ya pilipili hoho. Majani yamebabuka kingo kama yamepitiwa na moto, na juu ya majani hayohayo vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, wamejipanga wanafyonza bila wasiwasi.

"Hii sabuni yenu haifanyi kazi," akaanza.

"Ulipuliza mara ngapi, dada?"

"Mara moja, lakini niliwalowesha kweli kweli. Walikufa wote! Baada ya wiki wakarudi. Nikaongeza sabuni mara tatu."

Hilo la "mara moja, lakini" nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba mteja akifungua mdomo najua sentensi itaishia wapi. Anayelisema huwa ameshaunguza mmea, ameshatukana dawa, na vidukari bado anao. Kwa hiyo leo naliandika, pamoja na kauli nyingine ninazoletewa na wateja, ili nipate la kumwonyesha mtu badala ya kurudia hotuba ileile nikiwa na mikono yenye udongo.

"Niliwaua wote, kisha wakarudi"

Hawakurudi. Uliowaacha wamezaa.

Kidukari hafanani na wadudu wengi uliowazoea. Ndani ya nyumba, vidukari karibu wote unaowaona ni majike, na hawahitaji dume. Hawatagi mayai ukasubiri yaanguliwe. Wanazaa watoto hai, wenye miguu, wanaoanza kufyonza utomvu siku hiyohiyo. La kutisha zaidi ni kwamba mtoto anapozaliwa, tumboni mwake tayari viinitete vya watoto wake vimeanza kukua. Mama, binti na mjukuu, wote wamo katika mwili mmoja usiozidi punje ya ufuta. Kwenye joto la kawaida la nyumba, mtoto huyo hujivua ngozi mara nne, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi anaanza kuzaa mwenyewe, watoto kadhaa kila siku.

Sasa fanya hesabu. Tuseme mmea una vidukari 200, umepuliza vizuri na kuua 190. Ni kazi nzuri, hata mimi ningejipongeza. Wamebaki 10, wamejibanza ndani ya jani lililojikunja au katikati ya kichipukizi ambacho bado hakijafunguka. Hawa 10 kila mmoja akizaa watatu tu kwa siku, baada ya siku 7 una watoto 210. Umerudi pale ulipoanzia, na hapo wajukuu sijawahesabu. Ndiyo maana kila mteja ananiambia "baada ya wiki". Si bahati mbaya.

Nje kuna mvua ya kuwapukutisha, kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya miili yao, kuna mabuu wa wadudu-kibibi wanaowatafuna kutwa nzima. Katika nchi za baridi kali kuna hata msimu wa wao kutaga mayai na kupotea kwa miezi. Dirishani kwako hakuna hata kimoja. Umewapa joto la kudumu, chakula laini na ulinzi, halafu unashangaa wamestawi.

Kuna kosa lingine limejificha ndani ya dhana hii: watu wanadhani sabuni ikishakauka inabaki kwenye jani kama mlinzi. Haibaki. Sabuni inaua ikiwa bado mbichi tu, inapomgusa mdudu mwenyewe na kuharibu ngozi yake laini na kuziba matundu yake ya kupumulia. Ikikauka, kazi imekwisha. Kidukari anayetembea juu ya jani lililopulizwa jana anatembea kwa raha zake. Na yule aliyekuwa upande wa chini wa jani wakati wewe unapuliza upande wa juu hakujua hata kama kuna jambo limetokea. Asilimia kubwa ya wanaoniambia wamepuliza "mmea mzima" wamepuliza sehemu waliyokuwa wanaiona wakiwa wamesimama. Kidukari anapenda chini ya jani, kwenye vikonyo na kwenye ncha changa. Piga magoti.

Basi ratiba ni hii, na naomba isipunguzwe: siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Mpishano huo wa siku 4 unatokana na ile hesabu ya juu. Mtoto aliyekuponyoka leo unamkuta tena kabla hajafikia umri wa kuzaa. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi yenye gundi, bandika kwenye chungu. Usiniambie utakumbuka. Raundi ya tatu ndiyo inayoshinda watu, kwa sababu siku hiyo mmea unaonekana msafi na mtu anaona anapoteza muda wake.

"Kama haikuwaua, iongeze nguvu"

Huyu ni pacha wa dhana ya kwanza, na ndiye aliyeunguza miche ya yule dada. Mchanganyiko wa kupuliza huwa asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 10 hadi 20 za sabuni ya kuulia wadudu kwa lita moja ya maji. Kama lebo yake inasema vingine, fuata lebo. Zaidi ya hapo hauui vidukari zaidi. Unayeyusha tabaka la nta linalozuia jani lisipoteze maji, na siku mbili baadaye kingo zinakauka. Jani la mche bado ni jembamba, nta yake haijakomaa, kwa hiyo mche ndio unaoumia kwanza.

Na tukisema sabuni tunamaanisha sabuni. Zile zinazotengenezwa kwa ajili ya mimea ni chumvi za potasiamu za asidi za mafuta. Kimiminika cha kuoshea vyombo mara nyingi si sabuni kabisa; kimetengenezwa kukwangua mafuta kwenye sufuria, na nta ya jani kwake ni mafuta tu kama mengine. Kuna waliokitumia na mmea ukapona, najua, wananiambia kila siku. Waliounguza huwa hawasimulii.

Maji nayo yana neno. Kama maji yako ni yale magumu, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, madini yake yanashikana na sabuni na kuifanya mabonge yasiyo na kazi. Utaona utando juu ya maji na povu halitoki vizuri. Hapo watu huongeza sabuni. Badilisha maji: ya mvua, au yaliyochujwa madini.

Jaribu kwenye jani moja kwanza, subiri siku mbili. Kangaga na mimea mingi ya majani manene yenye maji haiipendi sabuni kabisa. Puliza jioni au asubuhi sana, kamwe si mmea ukiwa kwenye jua la dirisha, wala ukiwa na kiu. Baada ya saa moja au mbili unaweza kuusuuza kwa maji matupu; sabuni imeshamaliza kazi yake, haina sababu ya kuendelea kukaa pale.

Lakini mbona nimeanza na sabuni? Kwa sababu wateja huanza nayo. Mimi mwenyewe naanza na bomba. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki, ufunge kwenye shina, ulaze mmea ubavu juu ya sinki, na upitishe maji ya kasi ya wastani chini ya kila jani huku ukisugua ncha changa kwa vidole viwili. Kidukari anafyonza kwa mdomo mwembamba kama uzi aliouchomeka ndani ya mmea. Ukimng'oa kwa nguvu mara nyingi mdomo huo unaharibika na hawezi kula tena. Wengi hawapandi tena hata wakiangukia karibu, seuze wakipotelea kwenye bomba la sinki. Kwa mmea mmoja au miwili ya ndani, maji na vidole kwa ratiba ileile ya siku 4 vinatosha, bila tone la kitu kingine. Wateja hawapendi ushauri huu. Wanataka chupa.

Miche midogo sana haiwezi kuhimili bomba. Hiyo naishika mmoja mmoja na brashi laini ya kuchorea iliyoloweshwa maji, nawafagia. Trei ya miche 50 ni kazi ya nusu saa na miwani ya kusomea. Jani lililokwisha kujikunja likawa pango lao, likate.

"Yale madoa meupe ni mayai yao"

Ni ngozi walizojivua. Kila mmoja anaacha nne kabla ya kukomaa, zinanata kwenye yale majimaji matamu wanayoyatoa. Ukiziona ujue vidukari wapo au walikuwepo karibuni, na uangalie juu yake, kwenye majani ya ghorofa ya juu. Usipoteze muda kuzipulizia dawa.

"Nimebadilisha udongo"

Umefanya kazi bure, na mizizi umeisumbua. Wapo vidukari wa mizizini, ila hawa wa majani, ambao ndio karibu wote mnaoniletea, hawakai kwenye udongo. Vile vinzi vyeusi vinavyoruka ukimwagilia ni wadudu wengine kabisa wenye dawa yao.

"Mmea umedhoofika, nimeuongezea mbolea"

Hii inanikera karibu sawa na ya kwanza. Mbolea yenye nitrojeni nyingi inatoa machipukizi laini na utomvu wenye virutubisho hasa ambavyo kidukari anavitafuta. Ukiiweka wakati mmea una wadudu, unawaandalia karamu. Acha mbolea mpaka raundi ya mwisho ipite na uone wiki mbili safi. Mmea hautakufa kwa kukosa mbolea mwezi mmoja.

"Sisimizi wanawala, kwa hiyo nawaacha"

Wanawafuga. Wanawapapasa vidukari wapate yale majimaji matamu, na kwa malipo hayo wanawafukuza maadui zao. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina bila kuonekana sababu, geuza majani. Na ule weusi kama masizi unaootea juu ya majani ni ukungu unaokula utamu huohuo. Unafutika kwa kitambaa chenye maji, haujaingia ndani ya jani.

"Nitaleta wadudu-kibibi niwaachie sebuleni"

Wataruka hadi kwenye kioo cha dirisha na kufia hapo. Kwenye nyumba ya kioo ya mimea, iliyofungwa, habari ni nyingine.

"Mwarobaini nimepuliza asubuhi, jioni bado wanatembea"

Ndivyo unavyofanya kazi. Kiini chake, azadiraktini, kinavuruga kujivua ngozi na kula kwao, hakiwaangushi papo hapo. Upe siku kadhaa, na ufuate ratiba ileile. Nakubali kuutumia kwenye mimea iliyokomaa. Kwenye miche yenye majani mawili naona mafuta yake ni mazito mno, ingawa wenzangu wengine hawakubaliani nami.

"Mtego wa gundi wa njano utawamaliza"

Unanasa wenye mabawa tu. Wenye mabawa wanatokea pale wenzao wanapobanana au mmea unapochakaa, ili wakatafute mmea mwingine. Kwa hiyo ukikuta kidukari kwenye mtego, ni taarifa kwamba kuna mmea mahali fulani umeshajaa. Nautumia kwa hilo: kujua. Wasio na mabawa, ambao ndio wengi, hawana haja ya kusogea kwenye gundi yako.

"Nipe sumu kali basi tumalizane"

Kidukari wa kijani anayependa pilipili, kabichi na mamia ya mimea mingine, *Myzus persicae*, amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vingi duniani. Sababu utaiona kwenye hesabu ile ya juu: anayenusurika anazaa nakala zake mwenyewe, na baada ya wiki chache una kundi zima la walionusurika. Hajapatikana bado aliyejenga usugu dhidi ya vidole viwili. Na hiyo sumu utailaza chumba unacholala.

"Ndani ya nyumba hawawezi kuingia"

Wameingia na mmea mpya. Kama si huo, ni shada la maua, au yule mwenye mabawa aliyepita dirishani, au nguo yako ulipotoka bustanini. Kila mmea mpya ukae peke yake wiki mbili, chumba kingine kama kipo, na siku ya kuutoa ugeuze majani yote. Nimewaambia hili watu waliotikisa kichwa kwa heshima, wakaenda kuuweka mmea mpya katikati ya ile ya zamani, kisha wakanirudia.

Kuhusu ile trei ya pilipili, kuungua kwa majani na uharibifu wa vidukari ni mambo ambayo mche wenye ncha hai unaweza kuyashinda. Miche 20 na kitu ilikuwa na ncha hai, tukaiosha kwa brashi na kuipangia tarehe. Minne ilikuwa na mabaka ya kijani na njano kwenye majani mapya kabisa, yale ambayo sabuni haikuyafikia. Kidukari hubeba virusi vya mimea, na baadhi yake anaviambukiza kwa kuchomeka mdomo sekunde chache tu. Hapo hakuna sabuni, mwarobaini wala bomba litakalosaidia. Hiyo minne nilimwomba aitupe palepale kabla hajaondoka nayo. Ameondoka na mitatu.