Airy hakuitupa barua ya Adams kwenye droo, tuache hii stori

Nafundisha historia ya sayansi, na kila nikifika kwenye Neptuni lazima atokee mtu wa kuniambia eti Waingereza waliikosa ile sayari kwa sababu George Airy, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, alipelekewa hesabu za mahali sayari hiyo ilipo na kijana mwanahisabati John Couch Adams akazitupa kwenye droo akaendelea na msosi wake. Juzi nimeisikia tena kwa mwalimu mwenzangu kabisa. Jamani, hizo barua zipo! Airy mwenyewe alizisoma mbele ya Royal Astronomical Society, chama cha wanaastronomia wa Uingereza, Novemba 1846, hakuzificha.

Kilichotokea ni hivi. Uranus ilikuwa haifuati njia iliyopigiwa hesabu, na Adams alikokotoa sayari isiyojulikana inayoivuta. Oktoba 1845 Adams alifika Greenwich bila miadi, mara ya kwanza akamkosa Airy, aliporudi akaambiwa mzee yuko mezani (kwake walikuwa wanakula saa tisa na nusu alasiri), basi akaacha kikaratasi akaondoka. Na hicho kikaratasi kilikuwa na majibu, njia ya kuyafikia haimo. Wakati huohuo mke wa Airy yuko karibu kujifungua, na serikali imemweka kwenye tume ya kuamua upana wa njia za reli, ukiachilia mbali kazi yake ya kila siku ambayo ni saa za mabaharia na vipimo vya nyota, sio kutafuta sayari mpya. Pamoja na yote hayo, tarehe 5 Novemba alimjibu. Tena alimuuliza swali la maana sana: hiyo sayari yako inaeleza pia makosa tunayoyaona kwenye umbali wa Uranus kutoka kwenye Jua, au ni yale ya mahali inapoonekana angani tu?

Adams hakujibu. Alianza kuandika majibu akayaacha njiani, rasimu yake ipo mpaka leo, na baadaye akasema swali aliliona dogo. Sasa hapo kosa la Airy ni lipi? Wewe unamuandikia mtu barua ya kazi, unamuuliza, anakaa kimya miezi, halafu miaka zaidi ya 150 baadaye watu wanasema wewe ndo ulipuuzia!

Mlinganishe na Le Verrier wa Paris, ambaye naye aliipigia hesabu sayari hiyohiyo. Juni 1846 Airy alimuuliza swali lilelile, yule akajibu ndani ya siku chache, kwa kujiamini. Na kwa kuwa wenzake Ufaransa hawakuwa na haraka ya kuitafuta, tarehe 18 Septemba akamuandikia Galle, mwanaastronomia wa Berlin, barua ikafika tarehe 23, na usiku uleule Galle na msaidizi wake d'Arrest wakaiona, chini ya digrii moja kutoka pale alipoelekeza. Cambridge nako mwanaastronomia Challis alikuwa anatafuta tangu mwisho wa Julai kwa kuhimizwa na huyohuyo Airy, na Agosti aliirekodi Neptuni mara mbili bila kuitambua kwa sababu hakulinganisha vipimo vyake. Hesabu za Adams nazo zilikuwa zinahamahama, kila toleo linaelekeza sehemu nyingine. Kipaji alikuwa nacho kikubwa, silipingi hilo hata kidogo, ila ugunduzi ni mpaka umshawishi mwenye darubini.

Ushauri wangu kwa yeyote anayesoma barua za zamani: anza na tarehe. Panga nani kamuandikia nani na lini, ndipo usikilize stori.

Stori nyingine za enzi hizo nazipitia haraka. Eti posta ya enzi hizo ilikuwa inajikokota: kuanzia Januari 1840 barua ya nusu aunsi ilienda popote Uingereza kwa peni moja, na London posta iligawa barua mara kadhaa kwa siku. Mfano, mwanaastronomia John Herschel alimuandikia Lassell, mwenye kiwanda cha bia Liverpool aliyekuwa na darubini yake, tarehe 1 Oktoba 1846 atafute miezi ya Neptuni haraka, na tarehe 10 jamaa akauona Triton, mwezi wa Neptuni.

Eti wanawake hawakuwepo kwenye sayansi hii. Mwandishi wa sayansi Mary Somerville aliandika kwenye kitabu chake, toleo la 1842, kwamba Uranus huenda inavutwa na sayari isiyoonekana, na Adams alikiri hapo ndipo alipopata wazo.

Eti Herschel aliona watu wenye mabawa Mwezini. Hapana kabisa, hiyo ni hadithi iliyotungwa na gazeti la New York, The Sun, Agosti 1835, wakati mwenyewe yuko Cape, Afrika Kusini, na mkewe Margaret, usiku anapima nyota za kusini, mchana wanachora maua pamoja. Kutoka kule barua ilisafiri kwa meli miezi, kwa hiyo gazeti liliuza kwa raha zake kabla mtu hajapata nafasi ya kumuuliza.