Picha ya amiloidi haipimi kumbukumbu

Kijana mmoja aliniwekea bahasha mezani. Ndani mlikuwa na picha za ubongo wa mama yake, zilizopigwa nje ya nchi kwa pesa iliyochangwa na ukoo mzima. Ripoti ilisema amiloidi ipo. Mama mwenyewe, muuza sombe wa soko la Kenya hapa Lubumbashi, alikuwa na swali moja: "Munganga, nitaendelea kuhesabu makuta?"

Picha ile haikuwa na jibu lake.

Amiloidi ni vipande vya protini vinavyogandamana katikati ya seli za ubongo. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani ambaye ugonjwa huu wa usahaulifu umepewa jina lake, aliyaeleza mabonge hayo mwaka 1906, baada ya kuchunguza ubongo wa marehemu kwa darubini. Mwaka 2004 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, na Uppsala, Uswidi, walichapisha picha za mabonge hayo ndani ya watu walio hai. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo inayong'ang'ania amiloidi, kisha skana ya PET, mashine ya kusoma mionzi hiyo, huonyesha iliponasa. Dawa ile ya kwanza ilitumia kaboni-11, ambayo nusu yake huisha kila dakika 20, kwa hiyo lazima itengenezwe jirani kabisa na skana. Baadaye zikaja za florini-18, ambazo nusu yake huisha kila baada ya kama dakika 110.

Nilimwonyesha kijana namna ya kuisoma. Kwenye ubongo usio na amiloidi, sehemu nyeupe ya ndani hujitokeza kama mti wenye matawi makali. Amiloidi ikijaa kwenye gamba la nje, gamba nalo huwaka, na kingo za matawi hupotea. Kwa mama yake matawi hayakuonekana tena.

Lakini takriban mmoja kati ya watu wanne wa miaka 70 wenye kumbukumbu nzima ana amiloidi. Huanza kujikusanya hata miaka 15 au 20 kabla ya dalili, na mtu anapoanza kusahau, mara nyingi kasi yake imeshapungua. Kinachoandamana na usahaulifu zaidi ni protini nyingine, tau, inayoharibu mapema eneo la hipokampasi, linalohifadhi habari za leo. Ndiyo maana kambo, yaani babu au bibi, anaimba nyimbo za utotoni bila kukosea, halafu anauliza mara ya tatu nani amekuja asubuhi. (Wako wanaomwita mchawi kwa hilo. Ni mgonjwa.)

Nilimpa mama maneno matatu: samaki, kiti, mvua. Baada ya dakika tano alibaki na samaki. Nikamsaidia: "Kitu cha kukalia?" Hakuna. Mwenye huzuni nzito mara nyingi hukumbuka akidokezwa. Katika ugonjwa wa Alzheimer dokezo husaidia kidogo. Tukapima pia tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, tukauliza kuhusu dawa za usingizi, kwa sababu usahaulifu unaoletwa na hayo unaweza kutibika.

Kuthibitisha amiloidi, kwa picha au kwa kupima maji ya uti wa mgongo, ni lazima kwa anayeandaliwa dawa za kuiondoa, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hizo hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo tu, hazirudishi kilichopotea, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu. Kuuza kiwanja kwa ajili ya picha peke yake, mimi sishauri.

Mama bado yuko sokoni. Bei anapatana mwenyewe. Chenji anarudisha binti yake.