Asilimia 44 ya Mombasa: asilimia ya nani?

Kila nikikaa barazani Majengo, hapa Mombasa, kahawa haifiki kikombe cha pili kabla mzee mmoja hajaniuliza: "Mwanangu, nyinyi watu wa hesabu, mbona vijana wetu hawapigi kura?" Namjibu kuwa sijui kama hawapigi. Hucheka, akidhani namkwepa.

Simkwepi. Kura zikisha kuhesabiwa, Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, hubandikwa mlangoni pa kituo. Isome juu hadi chini: waliosajiliwa, kura halali, zilizokataliwa, kila mgombea na zake. Umri haumo, jinsia haimo. Twajua kwamba Agosti 2022 Mombasa walijitokeza takribani asilimia 44 ya waliosajiliwa, kiwango cha chini kuliko kaunti zote, na nchi nzima kama 65. Nani hasa alibaki nyumbani, fomu haisemi.

Umri na jinsia vimo kwenye sajili ya wapiga kura. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 22,120,458, wanawake asilimia 49. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84, wamepungua kwa asilimia 5.27 tangu 2017. Watu wakasema vijana wamesusa. Polepole! Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2017 alifika 35 mwaka 2022. Katoka kwenye hesabu ya vijana kwa kukua tu. Waliokosekana ni wadogo zake wa kuziba nafasi.

Na hao wadogo, kwanza wapate kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Siku moja nilikaa karibu na meza ya usajili Likoni. Msichana akatoa karatasi ya kungojea kitambulisho, imekunjwa mara nne hadi wino umefifia kwenye mikunjo. Karani akaitazama, akamrudishia: bila kitambulisho au pasipoti, husajiliwi. Watoto wengi wa Kiislamu hapa Pwani walipitishwa pia kwenye kamati za uhakiki wa uraia, wakidaiwa hata kipande cha babu, mpaka agizo la rais la Februari 2025 likaufuta utaratibu huo. Msichana yule hayumo katika ile 44, wala katika 56 iliyobaki. Hesabu haimjui.

Kuna na waliomo, lakini hawapo. Sajili ya Mombasa ilikuwa na majina 641,913. Ukaguzi wa sajili wa 2022 ulikuta marehemu zaidi ya 246,000 kote nchini. Tena wako wenzetu wa bara waliojiandikisha Kisauni au Changamwe. Uchaguzi ukikaribia, hupandisha watoto basi wakaenda kwao; ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hazijasahaulika. Huyo hapa kwetu anasomeka kama mtu asiyejali. Na kura ya gavana iliahirishwa, ikapigwa 29 Agosti; aliyeingojea hiyo tu huenda hakutoka siku ya uchaguzi mkuu.

Juzi nikamgeuzia mzee swali: wajukuu zako je, wana vipande? Akahesabu kwa vidole. Mmoja anacho. Wa pili kakipoteza feri. Wa tatu, akamwita mkewe dirishani, "Ile karatasi ya mtoto umeiweka wapi?"