Kununua Nyumba ya Kupangisha Malindi: Dhana Potofu na Ukweli

Kaskazi inapovuma mwezi wa Desemba, Malindi hujaa wageni, na baadhi yao huondoka wakiwa wameshalipa arubuni ya kiwanja au nyumba ya kupangisha. Nimewasindikiza wanunuzi wengi katika ukaguzi, na inaniuma kuona jinsi akiba ya miaka mingi inavyopotea kwa sababu ya imani ambazo zingeweza kusahihishwa mapema.

Dhana: Hati ikiwa safi, ardhi ni salama.

Upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ni wa lazima, lakini hukuonyesha tu yaliyoandikwa kwenye sajili, wala haukuonyeshi anayelima pale. Katika ukanda wa maili kumi wa pwani, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wale waliojitokeza kudai na kukubaliwa, huku familia nyingi zilizokuwa zikiishi na kulima humo zikibaki bila karatasi yoyote. Ndiyo maana hadi leo unaweza kumkuta mtu akiitwa skwota, yaani mkaaji asiye na hati, katika shamba alilozaliwa babu yake.

Nakumbuka kiwanja kimoja upande wa Mayungu. Dalali alitueleza kwamba waliomo ni walinzi tu. Nilimwona mzee akisuka makuti kivulini, nikamwamkia, “Shikamoo, babu.” Aliitikia, kisha akanyoosha kidole kwenye mwembe ambao watu wawili wasingeweza kuukumbatia, akasema, “Pale chini amelala baba yangu.” Tulisogea tukayaona mawe ya kaburi, yamepangwa vizuri na kufagiliwa. Mnunuzi hakulipa, na naamini alifanya sawa.

Sheria ya Kenya humruhusu aliyeikalia ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, kwa miaka 12, kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa hapa Malindi ilikataa hoja kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Aidha, Aprili 2023, Mahakama ya Juu, katika shauri la kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, iliamua kwamba hati iliyotokana na ugawaji haramu wa ardhi ya umma haimlindi mnunuzi, hata awe alilipa kwa nia njema. Kwa hiyo dai historia ya hati tangu ugawaji wa kwanza, mlete mpima athibitishe bikoni (alama za mipaka), na uzungumze na majirani bila dalali kuwapo.

Dhana: Aliyenunua nyumba amenunua na ardhi yake.

Katika mitaa ya zamani ya pwani kuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye unamlipa kodi ya ardhi. Bei yake huvutia, ila benki huitaka hati ya kiwanja kabla ya kukopesha.

Dhana: Mgeni akifungua kampuni, anaweza kumiliki ardhi milele.

Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Dhana: Kodi ya mpangaji italipa mkopo.

Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 5, umetoa milioni 1 na kukopa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 15. Marejesho ni takriban shilingi 53,300 kwa mwezi, na riba ikipanda hadi asilimia 16, yatakaribia 58,700. Ukimpata mpangaji wa shilingi 30,000, bado utatoa zaidi ya 23,000 mfukoni kila mwezi, kabla ya ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba za kuishi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea. Ushuru huo haupunguzwi kwa sababu ya riba wala matengenezo, na kwa kodi hiyo ni shilingi 2,250.

Wengine hujitetea kwamba watapangisha watalii kwa siku. Watalii huja, lakini kusi ikianza na mvua za masika kufika, hoteli kadhaa za ufuoni hufunga milango, ilhali mlinzi, umeme na marejesho havifungwi. Hewa ya chumvi nayo hula bawaba na mabati, na makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mnunuzi mwenye nafasi na aje akague mwezi wa Mei, aone paa linavuja wapi, aonje maji ya kisima kama yana chumvi, na amuulize mlinzi ni lini mara ya mwisho taa za nyumba ya jirani ziliwaka.